Masikio ya Ukumbi wa Misumari

Kiwandani walimwita Mama Ratiba, na jina hilo hakulipewa kwa mzaha. Kila Ijumaa mchana alibandika kwenye ubao wa mlangoni karatasi ya wiki inayofuata: mashine ipi itapiga misumari ya inchi ngapi, nani ataisimamia, waya wa unene gani utavutwa, na mapipa mangapi yatazungushwa na vumbi la mbao ili misumari itoke inang'aa. Karatasi hiyo ikishabandikwa, imebandikwa. Mkurugenzi mmoja wa zamani aliwahi kuichorachora kwa kalamu yake bila kumuuliza mtu. Wiki ile waya wa misumari ya inchi sita ulipelekwa kwenye mashine za inchi mbili, mashine tatu zikavunja visu, na mkurugenzi mwenyewe akatangaza kwamba tangu siku hiyo ratiba haiguswi ila na aliyeiandika. Mama Ratiba aliomba tangazo hilo kwa maandishi, akalifungia kwenye droo.

Alikuwa meneja uzalishaji kwa miaka sita, lakini kiwanda alikijua kwa miaka ishirini na minne. Aliingia akiwa mfungaji wa maboksi, akahamia kwenye mashine, akasimamia zamu, akapanda tena. Mashine zilikuwa thelathini na mbili, kila moja ikigonga mara mia tatu kwa dakika, na aliyeingia ukumbini mara ya kwanza alitoka ameshika kichwa akiuliza kama paa limeanguka. Kwa hiyo watu wa ukumbi ule hawakuwa na haja na midomo. Walisema kwa mikono. Kidole kidogo kilichokunjwa maana yake misumari inatoka imepinda. Kuvuta unywele, waya unaisha. Mkono unaoshuka kifuani kana kwamba unanyoosha tai, mkurugenzi huyo anakuja, acheni uvivu. Hata umbea ulipita hewani kutoka mashine ya nne hadi ya kumi na tisa bila mtu kufungua kinywa. Fundi mmoja wa waya aliwahi kumchumbia mfungaji kwa mikono mitupu, akakataliwa kwa mikono mitupu, na kabla ya saa ya chai ukumbi mzima ulikuwa umeshampa pole.

Kumbe mikono hiyo ilikuwa inaficha jambo. Masikio ya Mama Ratiba yalikuwa yamekwisha. La kushoto lilitangulia, la kulia likafuata polepole, likimwachia sauti nene tu: ngurumo ya mvua, mlango unaobamizwa, mumewe akikohoa. Ukumbini hakuna aliyejua, kwa kuwa ukumbini hakuna aliyehitaji sikio. Ofisini alijiokoa kwa ujanja. Kila aliyemletea neno alimjibu, "Niandikie." Simu hakupokea, alitaka ujumbe. Kwenye vikao alikaa akilipa dirisha mgongo, ili mwanga umwangukie msemaji usoni naye asome midomo. Wakaguzi walipokuja walimsifu, wakasema hawajawahi kumwona meneja mwenye kumbukumbu za maandishi namna ile. Aliwashukuru, na moyoni akacheka kicheko kisicho na raha.

Nyumbani hakukuwa na kalamu ya kumwokoa. Jumapili moja asubuhi binti yake alimwachia mjukuu wa miezi minne kitandani, akaenda kufua uani. Mama Ratiba alikaa pembeni ya kitanda hichohicho, amempa mtoto mgongo, anakunja nguo. Binti aliporudi alimkuta mwanawe amelia hadi uso umebadilika rangi na pumzi inakatika, na bibi mtu anakunja shuka kwa utulivu, anapatanisha ncha na ncha. Binti alimbeba mtoto, akamtazama mama yake, na tangu hapo akawa na sababu chungu nzima za kumpeleka mtoto kwa jirani. Jambo hilo lilimuuma Mama Ratiba kuliko lolote alilowahi kufanyiwa kiwandani. Mumewe alimwambia kwa upole kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Alimjibu kuwa anayengoja kifo chake atangoja sana, na ale kabla chakula hakijapoa.

Si kwamba hakupigana. Mwisho wa kila mwezi, chini ya ripoti ya uzalishaji, baada ya tani za misumari na uzito wa waya ulioharibika, aliandika mstari mmoja: vikinga masikio kwa watu wa ukumbini, bado havijaletwa. Aliuandika mara sabini na moja. Alichopata ni pamba. Waliletewa marobota ya pamba ya hospitali, kila mtu anyofoe kipande ajizibe mwenyewe, na watu wakacheka wakisema uongozi umetia pamba masikioni hadi ikabaki, ukaona uwagawie na wao.

Ndipo ikaja habari ya kupimwa. Mnunuzi mkubwa alitaka misumari ya kiwanda kile, lakini kabla ya kutia saini alidai cheti kwamba kazi haiwadhuru wafanyakazi. Mkurugenzi wa sasa, mtu mpole wa maneno, mwenye mashati yasiyojikunja na tabia mbaya ya kuzungumza kalamu ikiwa mdomoni, akaita kliniki. Watu sitini na mmoja wapimwe masikio. Kwenye barua yake aliongeza kwamba atakayeonekana hasikii atapumzishwa kwa usalama wake mwenyewe, maana kiziwi katikati ya mashine ni hatari. Neno hilo la kupumzishwa lilizunguka ukumbi mzima kwa mikono, na ishara waliyoitumia ilikuwa ile ya kufagia taka nje.

Upimaji ulifanyika kantini, mwisho wa uwanja, mbali na kelele. Mpimaji alikuwa mwanamke kijana mwenye hedifoni na kisanduku kidogo cha vitufe. Utaratibu ulikuwa rahisi: unakaa, unavaa hedifoni, ukisikia mlio unainua mkono. Lakini kantini ilikuwa nyembamba na meza zake zimepigiliwa sakafuni, kwa hiyo kiti cha anayepimwa kilimtazama mpimaji uso kwa uso, na foleni ikasimama nyuma ya mpimaji, ukutani. Kila alipobonyeza kitufe, taa ndogo ya kijani iliwaka kwenye kisanduku upande wake. Anayepimwa hakuiona. Foleni iliiona.

Mama Ratiba aliingia saa tano. Alikuwa ameshajiandaa: atapimwa, ataanguka, atatolewa, basi. Alivaa hedifoni, kimya kikamfunika. Alipoinua macho akamwona Fundi Bisibisi.

Huyo alikuwa fundi mkuu wa mashine, mkongwe kuliko wote, amebakiza miezi kumi na moja astaafu. Aliitwa hivyo kwa sababu alipoishuku mashine alisimamisha bisibisi juu ya chuma chake, akabana mpini kwenye taya, na mfupa ukamwambia kilichoharibika. Ndiye aliyemfundisha Mama Ratiba kazi ya mashine, enzi hizo wote wawili wakisikia. Sasa alikuwa amesimama kwenye foleni mgongoni mwa mpimaji, uso mkavu kama wa shahidi mahakamani, na kidole chake kikagusa pua. Kikashuka. Kikagusa tena. Ukumbini ishara hiyo ilikuwa na maana moja tu: sasa.

Alielewa papo hapo, na mkono wake ukanyanyuka wenyewe. Pua, mkono. Pua, mkono. Baada ya dakika sita mpimaji alimvua hedifoni, akatabasamu, akaandika. Mama Ratiba alitoka nje, akaegemea ukuta wa kantini, na kilichomjia kwanza kilikuwa furaha. Hilo ndilo lililomtia aibu baadaye.

Matokeo yalirudi baada ya siku chache. Watu sitini na mmoja, wote wazima. Msimamizi wa mapipa, ambaye hageuki mpaka umtwange begani, aliandikiwa masikio ya mtoto wa shule. Chini kabisa ya karatasi mpimaji alikuwa ameongeza kwa mkono kwamba matokeo haya si ya kawaida kwa kiwanda cha aina hii, na kliniki iko tayari kurudia bila malipo. Mkurugenzi hakusoma hadi huko chini. Alimwita Mama Ratiba ofisini, akamkaribisha chai, akampa karatasi ya matokeo pamoja na habari njema kwa maandishi. Mnunuzi ameridhika. Na kwa kuwa masikio ni mazima, zile mashine nne za inchi sita zilizokuwa zimefungiwa stoo kwa ajili ya makelele yake zitarudishwa ukumbini mwezi ujao.

Kisha akatoa kalamu mdomoni, jambo alilolifanya kwa nadra, na Mama Ratiba akamsoma neno kwa neno. "Na ule mstari wako wa kila mwezi, mama, sasa tuufute. Umeona mwenyewe hauna kazi."

Alitoka, akaiacha chai mezani. Alikuwa na hasira ya kutosha kuwasha tanuru. Alimkasirikia mkurugenzi, akamkasirikia Fundi Bisibisi, na zaidi ya wote aliukasirikia mkono wake mwenyewe. Kwa miaka sita ameandika kwamba kelele inawamaliza watu, na kwa dakika sita ameinua mkono kuapa kwamba haiwamalizi. Mle ukumbini kulikuwa na wafungaji walioingia mwaka huu, mabinti ambao bado waliwasikia watoto wao wakilia. Kwa ajili yao hasa alijiona msaliti.

Ugomvi wa mikono hauna siri, kwa hiyo alimvuta Fundi nyuma ya rola za waya, watu wasiwaone. Fundi alikuwa na yake ya kusema na aliyasema yote. Watu wana kodi za nyumba na ada za shule. Kiziwi ni mtu aliyefukuzwa, tofauti ni tarehe tu. Yeye amebakiza miezi kumi na moja, na hatakubali kutupwa mlangoni baada ya kutembea njia yote hiyo. Tena, kiziwi humjua mwenzake, amemvusha na yeye Mama Ratiba bila kuombwa, na badala ya asante anatolewa macho. Akamkumbusha kwamba wakunga hawatukanwi na uzazi ungalipo.

Mama Ratiba alimsikiliza, yaani alimtazama, hadi mikono yake ikatulia. Hakubisha kwamba yalikuwa maneno ya mtu mwenye huruma. Kisha akainua ya kwake.

"Akionekana kiziwi mmoja, ni mgonjwa, atatolewa," alisema kwa mikono. "Tukionekana arobaini, atamtoa nani? Atapiga misumari kwa meno?"

"Na ukionekana peke yako?"

"Nitakuwa peke yangu."

Fundi Bisibisi akampa mgongo. Kwa watu wa ukumbi ule hakuna tusi kubwa kuliko hilo, kwani ukimpa mtu mgongo umemziba mdomo. Mama Ratiba alibaki akiutazama ule mgongo mpana wa ovaroli ukienda zake kati ya mashine, na aliumia, maana alimpenda yule mzee kama kaka wa tumbo moja.

Ijumaa akabandika ratiba. Ilikuwa kama ratiba zote, isipokuwa siku ya Alhamisi: saa tatu hadi saa tano asubuhi, mashine zote zizimwe, masikio yapimwe upya, humu ukumbini. Watu waliisoma, wakarudi nyuma, wakaisoma tena. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kununiana na fundi wa umeme mwezi mzima kwa sababu ya dakika tano za kuzima mashine moja. Mpimaji alikuwa ameshatumiwa ujumbe na alijibu ndani ya saa moja, kana kwamba alikuwa anangoja mtu amwite.

Jumatatu mkurugenzi alimtuma karani kumwita, na safari hii hakukuwa na chai wala kalamu mdomoni. Aliuliza nani ametoa ruhusa ya kuzima kiwanda saa mbili nzima. Mama Ratiba aliweka mezani lile tangazo la zamani. Akajibiwa kwamba hayo yalikuwa ya mkurugenzi aliyepita. Akasema sawa, lifutwe, lakini lifutwe kwa maandishi, na humohumo aelezwe mnunuzi kwa nini ushauri wa kliniki umekataliwa. Akaisogeza karatasi ya matokeo na kuweka kidole pale chini, kwenye mwandiko wa mpimaji. Mkurugenzi alisoma, akavuta pumzi, akabadilisha sauti. Hakujua kwamba kwa mtu aliyekuwa mbele yake mabadiliko ya sauti yalikuwa kazi ya bure.

"Mama, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini ukianguka, siwezi kumwacha kiziwi aongoze ukumbi. Hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Sasa unatafuta nini?"

"Misumari yote uliyouza tangu ufike hapa ilipangwa na kiziwi," alisema Mama Ratiba. "Hukulalamika hata siku moja."

Kalamu ikamponyoka mkurugenzi mkononi. Mama Ratiba hakungoja aiokote. Njiani kurudi ukumbini alijua kwamba neno lilikuwa limeshatoka na halirudi tena kinywani. Lakini alitembea wima.

Jioni ileile alimkalisha binti yake jikoni na kumwambia. Hakupindisha maneno. Alisema hakumpuuza mtoto siku ile, hakumsikia, na ana miaka mingi hasikii, na huenda wiki ijayo hana kazi. Binti alilia, akakasirika kwamba alifichwa, akalia tena, kisha akamweka mtoto mapajani mwa bibi yake, uso kwa uso, amwone akilia. Walikula wakiwa wamechelewa, na hakuna aliyelalamika kwamba chakula kimepoa.

Alhamisi saa tatu kamili mashine zikazimwa, moja moja, kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho. Mama Ratiba alijua ya mwisho imesimama kwa nyayo za miguu, pale sakafu ilipoacha kutetemeka. Watu walikuwa kama wageni kwenye nyumba yao wenyewe. Wengine waliendelea kusema kwa mikono. Mmoja wa wafungaji alimwita mwenzake kwa nguvu zote kama kawaida, akashtushwa na sauti yake, akaziba mdomo, na waliosikia wakacheka. Mpimaji alipewa meza katikati ya ukumbi. Mkurugenzi alikuja na makarani wawili wenye daftari, na foleni ikajipanga kama ilivyojipanga siku ile, nyuma ya kisanduku. Fundi Bisibisi alikuwa ndani yake, hamtazami mtu.

Mama Ratiba ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikishika kiti, akakiinua, akakigeuza kitazame ukuta. Alikaa akimpa mgongo mpimaji, na kisanduku, na foleni nzima.

"Nipime hivi," alisema.

Ukuta ule alikuwa ameupita miaka ishirini na minne bila kuutazama. Ulikuwa wa kijivu, na madoa ya mafuta yalifika usawa wa bega. Hedifoni zilimbana. Alingoja. Mara mbili, labda tatu, kitu kizito kilimfikia kwenye sikio la kulia, naye akainua mkono kwa uaminifu. Muda uliobaki viganja vyake vilikaa mapajani. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Hakuogopa kuanguka, hilo alikuwa ameshalimeza. Aliogopa kwamba akigeuka atakuta foleni imeyeyuka, kila mtu amerudi kwenye mashine yake na kodi yake ya nyumba. Nyuma yake, kama walivyomsimulia baadaye, taa ya kijani ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, na watu sitini walikuwa wakitazama mikono yake isiyonyanyuka. Hakuna aliyegusa pua.

Mpimaji alimgusa bega. Alipogeuka foleni ilikuwepo, lakini ilikuwa imeganda. Mpimaji alimwonyesha karatasi, na hakukuwa na haja ya kuwa daktari kuielewa. Karani mmoja aliandika kitu kwenye daftari. Mkurugenzi alitazama saa yake, akatazama watu, kama mtu anayengoja wamalize upuuzi warudi kazini. Muda ulipita. Hakuna aliyesogea, na Mama Ratiba alisimama pale mbele ya watu aliowapangia maisha yao wiki kwa wiki, asijue aweke wapi mikono.

Fundi Bisibisi akatoka kwenye foleni. Hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti, akakisogeza karibu zaidi na ukuta, kiasi cha shibiri, kama alivyokuwa akirekebisha kazi ya Mama Ratiba enzi za kumfundisha, akakaa na kuvaa hedifoni mwenyewe. Taa ikawaka. Mikono mikubwa yenye makovu ikabaki mapajani. Ikawaka tena, na tena, na mwanamke mmoja wa ufungaji akaanza kulia bila kujificha. Alipomaliza Fundi hakungoja karatasi. Alisimama, akaenda kuketi juu ya pipa, na msimamizi wa mapipa alikuwa ameshakikalia kiti, naye ameutazama ukuta.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kusukumwa. Ilipofika saa tano walikuwa wamepimwa kumi na tisa, na kati yao kumi na wanne hawakuwa na masikio ya kujivunia. Foleni ilikuwa bado ndefu. Makarani walikuwa wameacha kuandika. Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kupiga hesabu kichwani ya nani ataendesha mashine zipi, na ilionekana usoni mwake kwamba hesabu haitoki. Alimwendea Mama Ratiba, akagonga kioo cha saa yake, akamwambia muda wa ratiba umekwisha, mashine ziwashwe, waliobaki watapimwa siku nyingine.

Mama Ratiba alikwenda kwenye ubao. Alitoa kalamu, akakata pale palipoandikwa saa tano, na juu yake akaandika: hadi apimwe wa mwisho. Akafikiri kidogo. Chini yake akaongeza mstari mwingine, kwa herufi kubwa, zisomeke kutoka mbali: mashine zitawashwa vikinga masikio vikifika. Akatia saini. Watu walisogea ubaoni kusoma, na aliyekuwa mbele akawapelekea wa nyuma maneno yale kwa mikono, hadi yakafika kwa Fundi juu ya pipa lake.

Mkurugenzi naye alisoma. Shingo ilimvimba. Akageuza uso pembeni, kalamu ikiwa mdomoni, akasema jambo fupi. Mama Ratiba hakulisikia. Hakulisikia msimamizi wa mapipa, wala mafundi wawili waliosimama upande wake wa pili. Kati ya watu waliokuwa karibu naye, mwenye masikio ya kulinasa alikuwa mpimaji peke yake, na mpimaji aliinamisha macho kwa aibu.

Miaka yote, neno lilipompita namna hiyo, Mama Ratiba aliitikia kwa kichwa, akatabasamu, kisha akaenda kulitafuta kwenye karatasi. Leo hakuitikia.

"Sikusikia," alisema, kwa sauti ambayo mwenyewe hakujua ni kubwa kiasi gani. "Toa kalamu mdomoni, mkurugenzi, ugeukie huku, urudie."

Mkurugenzi alitazama watu. Walikuwa wamemkazia macho mdomoni, bila kupepesa, kama wanavyotazama watu ambao wamezoea kusoma midomo. Akaitoa kalamu. Alichokisema safari hii, kwa jinsi mpimaji alivyoinua kichwa ghafla, hakikuwa kile cha kwanza.

"Nimesema vikinga vitaletwa Jumatatu," alisema. "Na hatolewi mtu."

Mama Ratiba alimsoma vizuri kabisa, herufi kwa herufi. Lakini nyuma ya foleni walikuwepo wengine ambao hawakuweza kuuona mdomo wake, kwa hiyo akaweka kiganja nyuma ya sikio lake la kushoto, akasema bado hajasikia, apande juu ya boksi arudie.